Kidole Gumba cha Somoe

Somoe mpika vitumbua alikuwa amepanga kibanda cha Mzee Mbaruku. Asubuhi moja mzee alimjia juu mbele ya wateja.

"Faida unaila peke yako! Nataka nusu, la sivyo uhame leo."

Somoe akamwonyesha jedwali kwenye simu, kidole gumba kikiwa juu ya kioo. Chini palisomeka: jumla, laki sita.

Macho yakamtoka mzee. "Nusu ya hiyo ni yangu!"

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi! Hawa ni mashahidi."

"Basi andika mwenyewe, tusije tukabishana."

Mzee akaandika chini ya ile jumla: nusu ni ya Mbaruku. Ndipo Somoe akaondoa kidole. Hapo paliandikwa: MATUMIZI.

"Unga, mafuta na mkaa, mzee wangu. Laki tatu zako utatoa taslimu, au utanitumia kwa simu?"