Mkono Uliobaki kwenye Kadi

Fungeni kidogo Biblia zenu, wapendwa, mtazifungua tena. Nataka niwasimulie habari za mama mmoja na printa yake. Jina lake silitaji, maana nikianza kutaja majina shingo zitageuka, na nimeshawazoea.

Basi, mama huyu alikuwa na mume, mtoto mmoja wa kiume, na mama mkwe. Huyo mama mkwe, ambaye sisi tutamwita bibi, alikuja mtoto alipozaliwa, kama ilivyo desturi yetu, kumkanda mzazi. Akina mama mnanielewa. Maji ya moto asubuhi, maji ya moto jioni, kitambaa kinaunguza mgongo, wewe unalia na yeye anakwambia, "Vumilia, mwanangu, mwili urudi." Na uji wa pilipili manga juu yake! Alikuja akae arobaini tu aondoke. Mtoto akaugua kifua, bibi akakaa. Mtoto akaota meno, bibi akakaa. Mpaka mtoto anatembea, bibi yupo, na hakuna aliyemchoka. Mama yetu alimpenda kweli. Hilo mlishike, maana hii si hadithi ya wakwe wanaogombana. Hizo mnazo za kutosha huko majumbani.

Krismasi ilikuwa inakaribia, na baada ya sikukuu bibi angerudi kwake kijijini. Mume akaleta nyumbani printa ndogo ya kuchapa picha. Jamani, mama yetu alifurahi! Alikuwa mtu wa kupenda vitu vizuri. Akasema mwaka huu hanunui kadi za dukani zenye theluji, theluji yenyewe hajawahi kuiona. Atachapa kadi zake mwenyewe, zenye picha ya familia siku mtoto alipobatizwa, na chini yake maneno ya heri.

Bibi aliposikia akaomba jambo moja tu.

"Mwanangu, na mimi unitolee moja. Nitaibandika ukutani kwangu. Wenzangu huko wananisema, eti nilipotelea wapi muda wote huu. Nitawaambia, haya tazameni, nilikuwa hapa."

"Mama, yako ndiyo itakuwa ya kwanza," mama yetu akamwambia, na alimaanisha.

Sasa hiyo picha. Siku ya ubatizo bibi alikuwa jikoni na pilau lake. Wakamwita, akaja anajifuta mikono kwenye kanga, akasimama mwisho kabisa wa mstari. Mpiga picha akasema, "Bibi, sogea kati." Akajibu, "Hapa pananitosha, baba, wewe piga tu." Akanyoosha mkono akamshika mjukuu begani asikimbie. Picha ikapigwa.

Siku moja kabla ya Krismasi, jioni, mama yetu akawasha printa. Akaona kwenye kioo cha printa kwamba kadi zitatoka na ukingo mweupe pande zote. Hakuupenda. Akatafuta pale pa kubonyeza ili picha ijae karatasi nzima, akabonyeza, akaagiza kadi zote kwa mkupuo, akaenda kukanda unga wa maandazi. Nani kati yetu hajawahi kubonyeza kwanza na kutazama baadaye?

Aliporudi, kadi zilikuwa zimetoka, zinang'aa, rangi zimekolea, watu wanacheka. Akazitandaza mezani zikauke, akazitazama kwa raha zake. Kisha akaona mkono. Mkono umeshika bega la mtoto, umetokea ukingoni mwa kadi, na mwenyewe hayupo. Kumbe printa ikitaka kujaza karatasi huikuza picha, na ikishaikuza, walio pembeni hukatwa.

"Mungu wangu! Mama!"

Akarukia printa achape nyingine. Karatasi za picha zimekwisha, na maduka yamefungwa. Mtu mwenyewe aliyeomba kadi ili aonekane alikuwepo, ndiye asiyekuwepo! Wewe ungefanya nini? Ungekwenda jikoni, bibi yuko pale anamenya viazi, ukamwambia, "Mama, nimeharibu"? Hata yeye aliijua njia hiyo. Lakini aibu ilimzuia mlangoni. Akachukua nyota ndogo ya dhahabu, zile za kubandika kwenye zawadi, akaibandika juu ya ule mkono kwenye kadi ya bibi. Akajiambia, mama atadhani hii ni picha nyingine, iliyopigwa kabla hajatoka jikoni. Afadhali aonekane hakuwepo kuliko aonekane amekatwa.

Mnasikia hiyo akili? Tukikosea kidogo, tunaziba kwa kukosea sana.

Krismasi asubuhi, ibada imekwisha, chai iko mezani, bibi akapewa kadi yake. Akavaa miwani. Akatazama, akatazama.

"Mwanangu, mumeo huyu. Wewe huyu. Mjukuu huyu. Haya, mimi niko wapi?"

"Mama, hii ni ile ya mwanzo. Ulikuwa bado hujatoka jikoni."

Siku ya kuzaliwa Bwana, andazi mkononi, na uongo mdomoni!

Bibi akaisogeza kadi karibu na miwani. Akapitisha kidole juu ya ile nyota. Akaanza kuibandua kwa ukucha, polepole, na mama yetu akatamani ardhi ipasuke immeze. Nyota ikatoka, ikaacha gundi kidogo. Bibi akauona mkono. Akauweka mkono wake mwenyewe pembeni ya kadi, akalinganisha. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, mpaka miwani ikamshuka.

"Kumbe nipo! Huu si ndio ule ulioungua kwa maji ya moto nikikukanda? Mwanangu, kukatwa nimekatwa. Lakini mkono sijautoa."

Mama yetu akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Nisamehe, Mama. Kukukata nilikukata kwa haraka zangu, lakini kukuficha nimekuficha kwa makusudi. Maduka yakifunguliwa nakuchapia nyingine, uwemo mzima."

"Chapa, uniletee. Ila na hii naondoka nayo. Wakiniuliza nilikuwa wapi, nitawaonyesha. Nilikuwa hapa, nimemshika mtoto."

Akamwinua, wakanywa chai.

Mnacheka? Chekeni, lakini tusimcheke sana huyu mama, maana sisi tunachapa kadi kama zake kila siku bila printa. Mtu anasimama hapa mbele kutoa shukrani: nimejenga, nimesomesha, nimepona. Picha imejaa yeye mpaka kwenye kona! Aliyekubebea mtoto ili uende kazini yuko wapi? Aliyekesha nawe hospitalini? Tumejikuza, wapendwa, na tukijikuza sisi, wa pembeni wanakatwa.

Na anayekatwa kuliko wote ni Mungu. Siku ya shida ulimwita kwa machozi, majirani tukakusikia. Mambo yalipokunyookea ukasema, "Nilikuwa na bahati." Ndugu yangu, hiyo bahati ni nyota ya kubandika. Ibandue. Chini yake utaukuta mkono, umekushika bega tangu ulipokuwa huwezi kutembea. Umemkata, ndiyo. Lakini mkono hajautoa. Hata leo, hata baada ya yale uliyoyafanya wiki hii, hajautoa.

Nimemaliza, ila nina jambo moja. Nawaona ninyi mlioketi mwishoni mwa mabenchi, kule karibu na mlango. Nawajua. Wewe ndiye uliyefagia humu wengine wakiwa bado wamelala. Wewe, mama, unawapikia wageni chai, na kwenye matangazo hatujawahi kukutaja. Msiniambie hapa panawatosha.

Sogeeni kati. Mlioko kati, bananeni kidogo, nafasi ipo. Tusimame hivyo hivyo, tuombe.