Prosija Isiyojua Kuitikia

Mtu mmoja alikuwa na kampuni ya kusambaza chanjo za watoto. Aliitwa Bwana Ngatunga, na alipenda kioo cha kompyuta chenye rangi ya kijani, ile ya kusema mambo shwari, kuliko alivyopenda wali wa nazi. Waandishi wake wa programu walimjua. Kila prosija waliyoiweka kwenye hifadhidata, yaani amri inayoandikwa mara moja ikatiiwa daima, waliimaliza kwa desturi ya ofisi: kosa likitokea, linyamazishe, kisha jibu "Tayari." Chanjo zimepata joto? Tayari. Lori limekwama? Tayari. Mfumo mzima ulikuwa na adabu ya mkwe aliyekwenda ukweni.

Akaajiriwa Sikudhani, mwenye mdomo mrefu kuliko alasiri ya Ramadhani. Akapewa kazi ya kuandika prosija ya kutoa mzigo ghalani. Ndani yake akaweka fanksheni ndogo, ya kuuliza tu: hili boksi lilikaa kwenye baridi? Jibu likiwa hapana, prosija inasimama, inasema kwa nini, na mlango wa ghala haufunguki.

Asubuhi moja jokofu kubwa lilikutwa limezimika. Kioo kikawa chekundu. Malori yalinguruma uani bure, na wakubwa walioalikwa kuyaaga walikuwa wameshamaliza chai.

Bwana Ngatunga akaja ameloa jasho. Akamwamuru Sikudhani aifundishe prosija yake adabu kama zilivyo za wenzake, la sivyo mlango atafunguliwa yeye, atoke. Ulikuwa mstari mmoja tu wa kufuta. Sikudhani aliitaka kazi ile. Alikuwa ameisaka mpaka soli za viatu zikaisha. Lakini akamwona akilini mama kwenye foleni ya kliniki, atakayerudi nyumbani akiamini mwanawe amekingwa.

"Bosi," akasema, "wa kukuitikia umejaaliwa tele humu, hata viti haviwatoshi. Huyu wa kwenye kompyuta nimemzaa mimi, na uongo hataitikia."

Akatwaa mkoba wake, akatoka kifua mbele kama bibi harusi.

Bwana Ngatunga akawageukia waliobaki, akataka mmoja aufute ule mstari. Mafundi wazima wakaanza kukagua kucha zao. Uani, madereva wakazima malori, moja baada ya jingine, na maboksi yale hayakumfikia mtoto yeyote.

Nawe, yule mkataaji uliyezaliwa naye kifuani bado ana sauti, au ulishamfuta?