Mize na Fedha za Siku Yenyewe

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mnazi?
— Watu wakaangua.
Pakawa shimo?
— Watu wakafukia.
Na kilichofukiwa?
— Sema wewe, sisi tunasikiliza.

Haya, sogeeni, na wewe mwenye kikohozi kohoa sasa umalize. Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata babu wa babu yangu aliisimuliwa tu, palikuwa na mwanamke akiitwa Mize. Mumewe akiitwa Vuai. Vuai alikuwa mkwezi wa minazi, Mize alikuwa msokota kamba. Mungu hakuwajaalia mtoto. Walikuwa wawili, na kuku wao watatu.

Kamba mnazifungia mbuzi, lakini mnajua zinatoka wapi? Makumbi ya nazi hufukiwa pwani, kwenye tope la maji ya chumvi, miezi na miezi. Mwanamke hungoja. Kisha hufukua, huponda, hupata usumba, zile nyuzi zake, husokota, huuza. Mize aliianza kazi hiyo akiwa mdogo, na kazi humfunza mtu. Yeye ilimfunza kwamba kilicho juu ya ardhi huliwa, na kilicho chini hungoja.

Alikuwa na sababu nyingine, nami nawaambia mapema msije mkamsengenya bure. Alipokuwa mtoto, mamake alikuwa na mkono wazi. Akipika, anapikia mtaa mzima. Ponda mali kufa kwaja, ndivyo alivyosema, na watu wakampenda sana. Ukaja mwaka wa njaa, ndani hamna hata kibaba. Wadogo zake Mize wakafa wawili katika juma moja. Na ule mtaa uliokula haukuleta hata kisahani. Tangu hapo Mize hakulala usingizi wa raha ila akijua kuna kitu kimewekwa mahali.

Basi akanunua chungu. Kila kamba ikiuzwa, nusu ya kula, nusu ya chungu. Baadaye ikawa robo ya kula. Chungu akakifukia pwani, katikati ya mashimo yake ya makumbi, pahali ambapo maji yakijaa hafiki mtu. Ukimwuliza hizo fedha za nini, alikujibu za siku yenyewe. Siku gani, Mize? Ya dhiki. Ikifika nitaijua.

Ndiyo, akiba haiozi. Nawaona mnavyotikisa vichwa. Ngojeni.

Masika yakaingia na paa likavuja. Vuai akamwambia mkewe, kwa upole wake, kwamba makuti yamekwisha na mvua inawanyeshea kitandani. Mize akamhurumia, akasogeza kitanda pembeni, akamwambia:

"Siku yenyewe bado, mume wangu."

Wakalala pembeni. Paa likavuja pembeni, wakarudi katikati.

Kisha kamba ya miguu ya Vuai ikachakaa, ile anayokwelea. Mume wa msokota kamba anakwea na kamba iliyolika! Usicheke, wewe uliye mlangoni. Kamba mpya zilikuwa zimening'inia ukutani, nne, nzuri, lakini kila moja Mize alikuwa ameshaiona ndani ya chungu. Vuai akanyoosha mkono kuchukua moja. Mize akamzuia, naye hakumzuia kwa ukali. Akaipokea ile kuukuu, akaitia kiraka kwa usumba, usiku akaiombea dua.

"Itakufikisha mwezi ujao. Siku yenyewe bado."

Haikumfikisha Ijumaa. Vuai akaanguka toka juu ya mnazi, akavunjika mbavu, akawa anatema damu.

Dada yake Vuai, jina lake Mwanahawa, akaja kuuguza. Huyo alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali. Akatafuta habari, akaambiwa mji wa pili yuko tabibu wa mavunjiko, hodari, ila hatoki kwake mpaka awekewe ada yake mkononi: rupia kumi. Mwanahawa akamwendea Mize. Akamwambia, "Wifi, chungu."

Mize akalia. Msifikiri hakulia. Alimpenda Vuai kama macho yake, na siku zile alikuwa akimlisha uji kwa kidole. Lakini alipofikiria chungu kikifunguliwa, aliwaona wadogo zake wale wawili mkekani. Akasema mbavu huunga zenyewe. Akasema baba yake aliwahi kuvunjika akapona kwa mafuta ya nazi. Na je, kesho akishindwa kukwea kabisa, watakula nini?

"Siku yenyewe bado, wifi. Bado haijafika."

Hapo Mwanahawa akajua kwamba kwa uhai chungu hakifunguki. Labda kwa mauti. Nawaambia ninyi, yeye Mize hakuambiwa: asubuhi moja, Mize akiwa kisimani, Mwanahawa alimlaza kakake chali, akamfunika shuka mpaka kichwani, akamwomba abane pumzi. Mize aliporudi na mtungi, alimkuta wifi yake amekaa chini anapiga ukwenzi, ukelele wa msiba.

Mtungi ukamponyoka. Mize akaanguka juu ya miguu ya mumewe, akalia kilio hata Vuai, chini ya shuka, akakaribia kumhurumia na kuinuka. Mwanahawa akamshika bega, akamwambia wifi, maiti haingoji, inatakiwa sanda, unatakiwa ubani, na wazikaji hawaondoki na njaa.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mize akashuka pwani peke yake, akafukua kwa mikono mitupu. Chungu kilikuwa kimejaa hata mfuniko haukai sawa. Akachota gao, kiganja kimejaa, akalitazama, akarudisha. Akachota dogo, akarudisha. Mwisho akatoa rupia nne, akafukia, akapanda huku machozi yanamdondoka kidevuni. Akampa Mwanahawa.

"Za sanda hizi. Nunua marekani, ile nguo rahisi, wifi. Bafta ghali, naye anakwenda mchangani."

Mwanahawa akauliza kama ndizo zote. Ndizo zote, akasema Mize. Aliyekufa amekufa, mimi nimebaki peke yangu, na siku yenyewe bado.

Shuka likasogea. Vuai akajifunua uso. Alikuwa amesikia kila neno, na marekani ameisikia.

Mize akapiga magoti, akamshukuru Mola, akambusu mumewe paji la uso na mikono, akicheka na kulia. Vuai akamwacha amalize. Kisha akasema taratibu, maana kila neno lilikuwa na maumivu yake:

"Mize, nimekufa ukanitolea nne. Niko hai. Nitolee sita zilizobaki, aitwe tabibu."

Mize akautazama uso wa mumewe. Akautazama mkono wa wifi yake. Jamaa zangu, mimi hapa huwa natamani nigeuze ngano, ninyi hamjui. Ningeweza kusema alikimbia pwani akaleta chungu kizima. Lakini nimepewa hivi, nami nawapa hivi. Mize akazichukua zile rupia nne kutoka mkononi mwa Mwanahawa, moja baada ya moja.

"Kumbe mmenifanyia hila," akasema. "Na kama yu hai, sanda ya nini?"

Akashuka pwani kuzirudisha kabla maji hayajajaa. Vuai akageuka ukutani.

Mize yuko shimoni, anashindilia tope, akasikia ukwenzi unatoka nyumbani. Akatabasamu. Hamnipati mara mbili, akasema. Akashindilia. Ukwenzi ukaja tena, na sauti za majirani zikaongezeka. Akasema Mwanahawa fundi, amewafunza mtaa mzima. Akaweka mawe juu. Maji yakaanza kujaa, akakaa kwenye jiwe la ukingoni kuona yanafunika vizuri. Alasiri akawaona wanaume wanapita njia ya juu, wamebeba jeneza begani, wanapokezana. Hata jeneza wamelitoa msikitini, akasema, watu wazima kabisa. Lakini safari hii hakutabasamu, na hakuinuka pale jiweni mpaka wale wanaume waliporudi na jeneza jepesi.

Akapanda nyumbani. Chumbani mlikuwa na ufuo umechimbwa, shimo la kuoshea maiti, na maji bado hayajanywea. Hakuna mtu anayechimba ufuo kwa mzaha. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani, wakasogea kumpa nafasi. Mwanahawa hakumtazama.

Mize akauliza, na alipouliza alisikia sauti yake kama ya mtu mwingine, ni nani aliyenunua sanda.

"Majirani wamechanga," akasema Mwanahawa. "Bafta. Na tumeshamzika, chungu chako hakikuguswa."

Na hapo, wasikilizaji wangu, kabla uchungu haujamfika, kitu kingine kilitangulia. Moyo wa Mize ulitua. Ulitua kidogo tu, kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani, kwamba rupia zake zote zipo. Mwenyewe aliusikia ulivyotua. Akajijua. Ndipo akatoa kilio, na wanawake wote wakadhani anamlilia Vuai.

Paukwa yangu imefika ukingoni.
— Na Mize?
Mwacheni akae eda.
— Na chungu?
Mwenye njaa asikitafute, mwenye shibe asikisifu. Mimi nimetua mzigo wangu hapa. Atakayeubeba, alale nao.