Fisi Aliyeziba Masikio Redioni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na redio madirishani, stesheni ilikuwa moja tu, juu ya kilima, na mwenyewe alikuwa Kiboko. Meneja wake alikuwa Fisi. Na wimbo nao ulikuwa mmoja:

"Tumbo, tumbo la Bwana Kiboko! Pum! Pum! Pum!"

Asubuhi pum, mchana pum, jioni pum. Jamani!

Tena kulikuwa na amri: wimbo ambao haujapigwa redioni ni marufuku kwenye ngoma ya mavuno. Atakayeuimba, Fisi anamtafuna pamoja na mifupa.

Sasa, Bi Pimbi, yule mdogo mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, aliachiwa wimbo na marehemu mama yake, wimbo wa kupokea mahindi mapya. Ngoma ilikuwa kesho. Akamwita binti yake, "Chausiku, hebu niimbie ule wa bibi."

Chausiku akaanza, "Karibu hindi, karibu nyumbani... pum! pum!... Mama, halafu inafuata nini?"

Bi Pimbi aliumia, wanangu. Wimbo ulikuwa unakufa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akajifunga kanga, akapanda kilima mbio.

"Haufanani na Tumbo," Fisi alimkatiza kabla hajamaliza ubeti. "Wasikilizaji hawautaki."

"Wamekwambia, Bwana Meneja?"

"Nimesema hawautaki!"

Santuri ya Tumbo ikaanza tena. Fisi akakunja uso, akachukua pamba mezani, akajiziba masikio yote mawili. Bi Pimbi akaona. Kumbe! Hata yeye wimbo wake umemchosha!

Akangoja santuri iishe na Fisi achomoe pamba. "Basi nisamehe, Bwana Meneja. Niruhusu niuimbe Tumbo mwenyewe, hewani, nimsifu Bwana Kiboko."

Fisi akacheka, "Hi hi hi! Haya, imba. Ila ukikosea kidogo tu, leo nashiba."

Akajiziba tena masikio, akakaa mlangoni, macho kwenye miguu ya Bi Pimbi. Mlango ulikuwa huo huo mmoja.

Bi Pimbi akasogelea kipaza sauti. Miguu ikacheza Tumbo, mikono ikapiga tumbo, pum! pum! Lakini kinywani ukatoka wimbo wa mama yake.

"Karibu hindi, karibu nyumbani, njaa ikapishe njia..."

Huko chini, michi ikanyamaza vinuni. Kwenye ubeti wa tatu Bi Pimbi alimkumbuka mama yake, akasahau kupiga tumbo. Fisi akasimama! Akasogea, meno nje, mate yakidondoka, do, do, do!

Pum! Bi Pimbi akajipiga. Pum! Pum! Fisi akamtazama, akamtazama, akarudi kukaa.

Vifijo vikapanda kutoka bondeni. Gudu! gudu! gudu! Kiboko huyo, anapanda kilima, masikio yamejaa tope. Fisi akachomoa pamba haraka. Bi Pimbi akaukatiza wimbo papo hapo.

"Watu wote wanacheza nje!" Kiboko akanguruma, akijikung'uta tope. "Wimbo gani huo?"

"Tumbo letu, Bwana Mkubwa! Nimeusikiliza mwanzo mpaka mwisho, kwa masikio yangu haya!"

Kiboko, aliyekuwa amelala topeni asisikie neno, angesemaje? Akajivuna. "Hata mimi nimeusikiliza. Haujapata kuwa mtamu hivi! Urudiwe mpaka jioni!" Akashuka kwenda mtoni, akapiga mbizi. Fisi akarudisha pamba, na Bi Pimbi akaurudia mpaka watoto wa bonde zima wakaushika.

Kesho yake kwenye ngoma, Chausiku akaingia uwanjani, akaimba wimbo wa bibi yake. Fisi, masikio wazi, akaruka, "Mkamateni! Huo haujapigwa redioni!"

"Umepigwa!" uwanja mzima ukajibu. "Jana kutwa! Bwana Kiboko mwenyewe kaagiza urudiwe!"

Fisi akamgeukia Kiboko. Kiboko akatazama chini. "Ehem... naukumbuka vizuri," akasema, na mguu wake mkubwa ukaanza kupiga chini taratibu, kuufuata.

Fisi akaondoka na njaa yake, na Chausiku akauimba wimbo mpaka mwisho, bila pum hata moja.

Basi, wanangu, ukitaka kuwachagulia wenzako cha kusikiliza, kwanza kisikilize wewe.