Pimbi, Kiboko na Gari la Jua

"Wenye masikio, mpo?"

"Tupo!"

"Na wenye hasira?"

"Tupo zaidi!"

Basi sogeeni, maana hadithi hii haisimuliki bila kukunja ngumi.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo kikuu chao, na Mkuu wa Chuo alikuwa Kiboko. Mwaka huo wanafunzi wa mwisho walipewa mtihani mmoja tu: undeni gari linalokwenda kwa jua, mlishindanishe. Asiye na gari hana shahada.

Pimbi, mwanafunzi mdogo kuliko wote, aliunda lake na rafiki yake Nungunungu. Pimbi alilijua jua. Ukoo wake haufanyi lolote asubuhi kabla ya kuliota juu ya mawe. Wakapima, wakakata, wakaunga. Gari likagoma. Wakapima, wakakata, wakaunga tena. Wenzao wakienda kucheza, wao kwaru kwaru na msasa. Juu wakatandika paneli za sola, chini wakaweka betri ndogo, maana betri kubwa ni mzigo. Siku lilipotembea, vuuu, bila moshi, Nungunungu alilia mpaka miiba ikalala.

Asubuhi ya mashindano akaja Kiboko, tumbo mbele, kopo la rangi mkononi. Akaandika ubavuni mwa gari lao: GARI LA KIBOKO.

"Shikamoo, Mkuu," akasema Pimbi. "Hilo ni gari letu."

"Limeundwa wapi?"

"Chuoni."

"Na chuo ni nani?"

Kabla Pimbi hajajibu, Kiboko akajipiga kifua.

"Chuo ni mimi! Nitaliendesha mimi, na kikombe ni changu mimi!"

"Na shahada zetu?"

"Rudieni mwaka."

Rudieni mwaka! Pimbi alihisi damu ikimchemka masikioni. Mwaka mzima vidole vimechubuka, halafu huyu, ambaye hata mlango wa karakana haujui! Nungunungu akasimamisha miiba. Pimbi akamshika mkono. "Tulia. Mwache apande."

Kiboko akapanda. Gari likalia kwiii. Jua nalo lilikuwa kali, na ngozi ya Kiboko haipatani na jua.

"Mbona naungua?"

"Pole, Mkuu. Tukufungie turubai? Dogo tu, la kufunika kichwa."

"Dogo? Mimi ni mdogo? Leteni kubwa! Lifunike gari zima!"

Basi wakalifunika zima, mbele na nyuma.

Korongo, mwamuzi, akapuliza filimbi: pyuuu! Kiboko akaondoka vuuu, akiwapungia watu mkono. Vuuu. Vu... vu... Kimya. Betri ndogo imekwisha, paneli ziko gizani, na yeye yuko katikati ya uwanja.

Korongo akamfuata. "Mkuu, sheria ni hii: gari likizimika, aliyeliunda ndiye anayelitengeneza. Mwingine akiligusa, unatolewa."

Kiboko akashuka. Akapiga tairi teke, puu! Akalipulizia. Akalibembeleza. Gari, ng'o!

"Pimbi! Njoo utengeneze!"

"Utatolewa, Mkuu. Aliyeliunda si wewe?"

"Njoo, nimesema!"

"Aliyeliunda si wewe?"

Watu wakaanza kucheka. Jua likamchoma Kiboko mgongo mpaka akatoka jasho jekundu.

"Aliyeliunda si wewe?"

"Si mimi!" akanguruma. "Ni Pimbi na Nungunungu! Mimi nimeandika jina tu!"

"Rudia," akasema Korongo, "wa nyuma wasikie."

Akarudia. Kisha akakimbilia bwawani, tifu tifu tifu, chubwi!

Pimbi akalivuta turubai, pwaa! Akakaa akisubiri paneli zishibe jua, huku magari mengine yakimpita. Uchungu wa kupitwa aliumeza. Halafu vuuu. Aliingia wa mwisho kabisa, na uwanja mzima ukasimama. Korongo akatangaza: "Gari la Pimbi na Nungunungu limefika!" Shahada zao wakapewa palepale, mchana kweupe.

Hapo hadithi imezima injini. Mwenye nyingine awashe.

Na funzo lake? Wanafunzi, msibishane na wakubwa. Kila mnachokiunda ni chao, maana wao ndio wanaojua zaidi. Anayebisha akamwulize Kiboko: mpaka leo yumo majini, matundu ya pua tu ndiyo yako nje.