Kwa Nini Herufi za Onyo Zina Miguu Minene

Mnaziona herufi zile nene za mabangoni, zenye miguu mipana iliyokatwa mraba? Msidhani zilizaliwa hivyo. Hapo kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, herufi zote zilikuwa nyembamba. Watu wa Ndorobwe ndio waliozidi kuzikondesha. Kwao mwandiko mnene ulikuwa utovu wa adabu, sawa na kumfokea mgeni mlangoni. Adabu gani hiyo, jamani!

Masika moja daraja lao la magogo lilioza. Jumbe akamtuma Shemweta, mwandishi wa mji, aandike onyo kwenye ubao ng'ambo ya mto, wanakotokea wageni. Shemweta akaandika kwa mistari myembamba kama unywele: Daraja limeoza, usipite. Watu wakamsifu. Bibi mmoja tu ndiye aliyeguna.

"Baba, nenepesha kidogo. Mimi hapa naona ubao mtupu."

"Mama, mimi ni mwandishi, si mpiga mbiu," akajibu Shemweta.

Haukupita muda, bintiye Mamvua akaja kutoka kwa mumewe, mgongoni amembeba mwanawe wa kwanza, amlete kwa babu yake. Shemweta alikuwa ukingo wa huku mjini. Alipomwona akapiga ukelele, lakini maji yalinguruma kumshinda. Akapunga mikono yote miwili. Mamvua akadhani baba anamlaki! Akacheka, naye akapunga, akaupita ubao bila kuutazama, akakanyaga magogo.

Yallah! Mpaka leo nikifika hapa mwili hunisisimka. Daraja likakatika mara moja. Vijana walimwokoa Mamvua amekumbatia gogo, na kanga ya mgongoni imefunguka. Mtoto hakuonekana.

Aliporudiwa na fahamu aliuliza neno moja tu. "Baba, mlijua?"

Shemweta akanyoosha kidole kuuonyesha ubao ng'ambo. Akatazama, akakodoa macho. Hata yeye aliyeuandika hakuona herufi.

Hakugusa kalamu tena. Alichukua shoka na tezo, akapasua mbao za mvule, akachonga herufi moja moja, kila moja inamfika mtu kiunoni na unene wake kama paja. Alipozisimamisha ukingoni, upepo ukaziangusha. Akazipigilia vipande vya mbao vya kulala, chini zipate kusimama, juu apate kuzifunga kwenye nguzo. Zikasimama, zikasomeka tokea kilimani. Hakuna aliyethubutu kutaja adabu.

Na tangu siku hiyo, onyo huandikwa kwa herufi nene zenye miguu, na barua za wapendanao huachiwa zile nyembamba. Siku hizi wenye maduka nao wameziazima. Juzi nimezikuta zinauza sabuni, nikashtuka nikasimama katikati ya njia, kwa sababu herufi ya kwanza kabisa ya namna hiyo ilichongwa na babu aliyekuwa hajampakata mjukuu wake.