Kompyuta Mpya na Maji ya Mkiani

Mama mmoja alikuwa na kompyuta, na aliijua kama jiko lake. Jina lake Nakijwa. Alijifunza ukubwani, wajukuu wakiwa tayari wanakwenda shule, na kwa kompyuta hiyo aliandika programu ya kugawa maji ya mfereji. Zamu ya mkulima ikifika, simu yake inapata ujumbe: nenda kafungue maji.

Siku moja kompyuta ikafa. Mwanawe Elinami akamletea nyingine, nzuri, lakini ya aina tofauti kabisa. Programu ya maji ilikuwa salama kwenye flashi, ila ilitaka kurekebishwa kidogo ndipo ikubali kufanya kazi kwenye mashine mpya. Na ile programu nyingine aliyoizoea, ya kuandikia maagizo ya kompyuta, huku haikuwepo.

Basi akaanza kutafuta ya kuandikia. Ya kwanza ilikuwa na mambo mengi mpaka kompyuta ikawa inahema. Ya pili ilisifiwa sana na mafundi. Aliingia, akashindwa kutoka, akazima mashine kwa hasira. Ya tatu ilikuwa ya kawaida tu. Lakini vidole vyake vilibonyeza palepale pa zamani, na pale alipozoea kuhifadhi kazi, huku dirisha likafungwa na kazi ikapotea. Akaiacha. Ya nne akaipenda kwa sababu moja: ilikubali kupambwa ifanane na ile ya zamani. Akabadilisha rangi, akabadilisha herufi, akarudi tena kwenye rangi. Majirani wakawa wanamchungulia na kucheka: "Mama Elinami, leo unaipaka hina au wanja?"

Wakati huo hakuna simu iliyopata ujumbe. Wenye mashamba ya juu wakawa wanajifungulia maji wenyewe. Mkiani mwa mfereji, mwisho kabisa yanakofika maji, shambani kwa mzee Kisaka, vitunguu vikaanza kuwa vya njano.

Mzee akaja, kofia mkononi. Hakugomba. Akasema, "Mama Elinami, vitunguu havijui unaandikia nini. Vinajua maji."

Mzee alipoondoka, Nakijwa aliirudia ile ya tatu, ile ya kawaida, akaanza kazi kwa kidole kimoja kimoja kama mtu anayejifunza a, e, i, o, u. Akikosea kitufe, anarudia. Na hapo ndipo alipoona kitu. Katikati ya maneno yenye rangi, neno moja lilikuwa limepauka. Akaliwekea mshale, na maelezo yakatokea: hili umeliandika, lakini hulitumii popote.

Akalisoma taratibu. Zilikuwa saa za nyongeza za mkiani, kwa sababu maji huchelewa kufika huko. Alikuwa ameziandika tangu mwanzo, akasahau kuziingiza kwenye hesabu. Ile ya zamani, aliyoililia hivyo, haikuwahi kumwonyesha. Na misimu yote hiyo watu wa mkiani walikuwa wanaambiwa kwamba maji yao yananyonywa na mchanga.

Akaziingiza, akamaliza marekebisho, akaiwasha programu ya maji. Kisha akavaa kandambili, akateremka mpaka kwa Kisaka. "Mzee wangu," akamwambia, "haukuwa mchanga. Nilikuwa mimi."

Kisaka akaangalia vitunguu vyake. "Sasa zamu yangu lini?" akauliza. Kabla hajajibiwa, simu ikalia mfukoni mwake. Akachukua jembe, akafungua maji, na safari hii yalikaa mpaka tuta la mwisho likalowa.

Ndugu zangu, hakuna asiyehama. Leo unahama mashine, kesho kazi, kesho kutwa nyumba. Ukifika huko, utashika kile kinachokufurahisha kwa kufanana na ulikotoka, au kile kitakachokuonyesha kosa ulilohama nalo?